Nilivyojumlisha Fomu 34A kwa ajili ya runinga, uchaguzi wa 2022

Baada ya Wakenya kupiga kura Agosti 9, 2022, tume ya uchaguzi, IEBC, ilipakia kwenye tovuti yake picha za Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kituo cha kupigia kura, moja kwa kila kituo kati ya vituo 46,229. Tovuti haikutoa jumla ya urais, kwa hiyo kila chombo cha habari kikajijumlishia. Stesheni moja ilionyesha Ruto akiongoza na nyingine Raila saa ileile, na watazamaji wengi wakadhani kuna hila. Tofauti ilitokana na mahali pa kuanzia: aliyeanza na Kiambu na Nyeri, kaunti zilizompa Ruto kura nyingi, hangeweza kulingana na aliyeanza na Kisumu na Siaya, ngome za Raila.

Ndiyo maana sikufuata orodha ya kaunti. Nilichukua kwanza sehemu moja ya kumi ya vituo katika kila eneo bunge kati ya yote 290, kisha sehemu ya kumi iliyofuata, hivyo hivyo hadi mwisho.

Fomu hupakuliwa na picha huhifadhiwa kwa nambari ya kituo. Usiisome tovutini ukaiacha huko, maana mtu akikuuliza baadaye utahitaji ushahidi. Watu wawili huingiza tarakimu kila mmoja kivyake, na jedwali huonyesha zinapotofautiana. Mwandiko ndio unaosumbua zaidi: 1 hufanana na 7, 4 na 9, na usiku wa manane macho yaliyochoka huruka mstari mzima. Kisha hesabu tatu: kura za wagombea wanne zijumlike kuwa kura halali, halali pamoja na zilizokataliwa zisizidi wapiga kura waliosajiliwa, na waliosajiliwa wasizidi 700, kiwango cha juu cha kituo kimoja. Fomu inayokwama huwekwa kando hadi isomwe upya. Kamwe hatukuirekebisha kwa kukisia.

Kura zilizokataliwa zilikuwa na safu yake. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2013 kwamba haziingii katika kukokotoa asilimia, na ukizichanganya, asilimia ya kila mgombea hushuka. Uchaguzi huu haukuvumilia kosa hilo: Ruto alitangazwa na kura 7,176,141, asilimia 50.49, takriban kura 70,000 tu juu ya nusu ambayo mshindi lazima aipite. Jedwali la kaunti nalo lazima liwe tayari, kwa sababu mshindi anahitaji pia robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47.

Hewani, nilidai kila asilimia isomwe pamoja na idadi ya fomu zilizojumlishwa na maeneo yaliyobaki nyuma. Tulisema "kwa mujibu wa fomu tulizojumlisha", na neno "mshindi" halikutumika hadi mwenyekiti wa tume alipotangaza Agosti 15. Hata mchoro wa skrini ulibeba idadi ya fomu kwa herufi kubwa sawa na za asilimia, kwani watu wengi hutazama matokeo hotelini au dukani, mahali ambapo sauti ya mtangazaji haisikiki.