Ndoo mbili na sangara wa msimu wa kusi

Kila niliyemuuliza kabla sijakodi boti Ziwa Victoria alinijibu lilelile: sangara wakubwa wako kilindini, nendeni mbali. Wengi wao hawajawahi hata kushika mshipi. Kuanzia kama Septemba hadi Aprili maji ya chini hayachanganyiki na ya juu, hewa huko chini inapungua, na sangara havumilii kukosa hewa. Ukiburura chambo kilindini miezi hiyo, unaosha ndoana tu. Mimi nilingoja upepo wa kusi wa Juni na Julai, unaolikoroga ziwa, na bado nikamwambia nahodha tukae kandokando ya miamba wanakojificha furu, vile visamaki vidogo, maana ndio mlo wa sangara.

Boti na mafuta vilikula laki kadhaa, tuyaache hayo. Kilichoniudhi ni mwendo. Hata injini ikipunguzwa mpaka ikaribie kuzima, boti ilikimbia, na chambo bandia kikawa kinazunguka kama pia badala ya kutikisa mkia. Tukajaribu kuzima na kuwasha: mshipi ukalegea, ukanasa mwambani, chambo kikaenda. Tukajaribu makasia, upepo ukatuingiza kwenye magugu maji.

Ndipo nikaomba ndoo mbili.

"Kaka, unataka kuoga?"

Nikazifunga kamba fupi, zisije zikafika kwenye pangaboi, nikazitupa nyuma, moja kila upande. Boti ikapoa mwendo. Nahodha akashusha kofia usoni wavuvi wenzake wasimtambue. Mimi macho yote kwenye ncha ya ufito wa kuvulia: ikitetemeka mfululizo, chambo kinaogelea, ikitulia ghafla, umebeba jani, vuta usafishe.

Mara ncha ikainama, ikakataa kuinuka. Sangara akaruka mzimamzima, kinywa wazi, akatikisa kichwa ateme ndoana. Hapo wengi huinua ufito juu kwa furaha, naye anaondoka zake. Mimi nikaushusha mpaka ncha inakaribia kugusa maji, mshipi ukabaki umekaza. Na kabla ya ndoana funga kipande cha mshipi mnene, kwa sababu mfuniko wa shavu lake unakata.

Nahodha ndiye aliyemwopoa. Tulipofika mwaloni, ni yeye pia aliyewasimulia wenzake jinsi alivyobuni ule ujanja wa ndoo.