Nyundo ya Omiya

Treni za laini ya Keihin-Tohoku zina mstari wa buluu ya anga ubavuni, na husimama karibu kila stesheni. Kutoka Tokyo hadi Omiya zipo nyingine za haraka zaidi, lakini asubuhi ile ya Jumamosi, mwezi Mei, sikuwa na haja nazo. Nilikaa behewa la mbele kabisa, nyuma ya kioo cha dereva, nikawa namtazama anavyofanya kazi. Kila anapoikaribia taa hunyoosha kidole cha glavu nyeupe na kuitaja kwa sauti inavyosema, ingawa yumo peke yake mle chumbani. Jicho, kidole, mdomo na sikio vikishughulika pamoja, akili haipati nafasi ya kulala. Wenyewe huuita mtindo huo shisa kanko.

Omiya ni mji wa reli. Karakana yake ilianza kazi mwaka 1894 chini ya kampuni binafsi iliyoitwa Nippon Railway; leo iko mikononi mwa JR East. Siku za kawaida mtu wa nje hapiti getini. Siku ya wazi milango hufunguliwa, na mafundi wenyewe ndio wenyeji wa kukupokea.

Nilidhani nimewahi. Nikakuta foleni imeshazunguka ukuta: akina baba wamebeba watoto mabegani, mabibi na vikapu vya chakula, na wale wenzangu ambao huhitaji kuulizana nao wamefuata nini. Wajapani wamewapa wapenzi wa treni majina kufuatana na kinachomvuta kila mmoja. Anayependa kupanda ni nori-tetsu, anayepiga picha ni tori-tetsu, na wapo oto-tetsu, wanaokusanya sauti: honi, milango, mngurumo wa mota inapoanza kuvuta. Mbele yangu alisimama kijana mwenye kinasa sauti mkononi. Nikajua nimepanga foleni mahali pangu.

Maana mimi treni nilizijua kwa sikio kabla ya kuzijua kwa jicho. Baba alikuwa fundi katika karakana ya TAZARA Dar es Salaam hadi alipostaafu akarudi Mbeya. Tulipokuwa wadogo, jioni, aliweka vyuma viwili mezani na kuvigonga kwa kijiko, kisha akatuuliza kipi kizima na kipi kina ufa. Chuma kizima huimba, alisema, chenye ufa hukohoa. Ndani ya karakana yenyewe sikuwahi kuingia. Kwa hiyo Omiya nilikuwa naiona na ya kwetu pia, ile niliyokuwa nimeijenga kichwani kwa maneno yake.

Ndani kuna harufu ya grisi na rangi mbichi. Watu tulizuiwa kwa kamba, king'ora kikalia, na winchi mbili za darini zikashusha minyororo juu ya behewa zima la abiria, urefu wa mita 20. Likainuka taratibu mno, likiwa limelala sawasawa kama sinia ya maji, likaacha chini bogi zake mbili, yaani fremu zinazobeba ekseli, na magurudumu manane. Behewa bila magurudumu ni sanduku tu. Chini ndiko kwenye kazi yote: springi, breki, mota, na ekseli ambazo zikichoka hazitoi taarifa kwa maneno. Behewa likapita hewani juu ya wenzake, na watoto waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza wote.

Nje ya banda kuna D51 namba 187, kichwa cha mvuke, cheusi, kimefutwa hadi kinang'aa. Ndicho cha kwanza cha mvuke kutengenezwa na karakana hii, mwaka 1938. D51 zote zilifika 1,115. Hakuna kichwa cha aina moja kilichotengenezwa kwa wingi kama huo nchini Japani. Magurudumu yake makubwa ni kipenyo cha milimita 1,400, yananifika kifuani. Lakini mimi niliinama kutazama reli. Upana wake ni milimita 1,067, ule ule wa mwaka 1872, Japani ilipofungua njia yake ya kwanza kati ya Shimbashi na Yokohama. Na ndio upana wa TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, kilomita 1,860. Reli yetu ya kati ya zamani ni ya milimita 1,000, ndiyo maana pale Kidatu, zinapokutana, mzigo hushushwa kwenye treni moja na kupakiwa kwenye nyingine. Nilipiga hatua moja juu ya reli za Omiya, kutoka chuma hadi chuma. Ilikuwa hatua ile ile niliyopiga utotoni Mbeya.

Saa nane mchana nikafika kwenye meza iliyokuwa na bango la nyundo. Fundi mmoja mtu mzima alikuwa amefunga bolti tatu kwenye ubao wa chuma, moja ameilegeza makusudi. Mtoto hupewa nyundo yenye mpini mrefu na kichwa kidogo, agonge, aseme ipi imelegea. Zamu yangu ilipofika nilimwomba fundi ruhusa kwa Kijapani changu cha kuungaunga: baba yangu, reli, fundi, simu. Akaelewa. Mbeya ilikuwa saa mbili asubuhi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hizo kelele ni za wapi?"

Nikamweleza. Akaniambia nigeuze simu isimwoneshe kitu, anataka kusikia tu. Fundi akagonga mwenyewe, moja, mbili, tatu.

"Ya pili," akasema Baba.

Nikamtafsiria fundi. Akacheka kwa furaha, akainamia simu kwa heshima kana kwamba Baba amesimama mbele yake, akauliza alifanya kazi hiyo miaka mingapi. Thelathini na miwili. Baba naye akauliza uzito wa nyundo, na kwa nini mpini ni mrefu hivyo. Fundi akapiga magoti, akapeleka nyundo chini ya meza kuonesha inavyofika mahali ambapo mkono haufiki. Nikageuza simu ili Baba aone. Akataka kuona na ncha yake, kisha pale kichwa kinapoungana na mpini.

"Nyuma yako kuna nani?" akauliza.

"Watoto, Baba. Wanangoja zamu."

"Basi wapishe wapige. Ila usikate simu."