Kihambani kwa mama
Niko Kibosho, Kilimanjaro, kwenye kihamba cha mama, yaani shamba linalozunguka nyumba, tangu Jumamosi. Masika yamekwisha, sasa ni ule ubaridi wa Julai. Leo siku ya nne mlima haujaonekana. Alfajiri nimetumwa majani ya ng'ombe, umande wa migombani ukanilowesha hadi magotini. Mama anacheka tu: "Wee mtoto wa mjini!"

Kahawa ndiyo kwanza inaanza kuiva. Unachuma nyekundu peke yake, moja moja; za kijani unaziacha hadi mzunguko ujao. Nilizipitisha tatu mbichi kwa bahati mbaya, akaziona zote ndani ya ndoo. Na ni macho hayo hayo yanayokataa miwani!

Jioni ni zamu yetu ya maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba. Nadhani mnajua nani anakwenda kuyafungulia.