Nilivyompeleka mama Murchison, kwao sangara

Mama yangu ameuza samaki Soko la Majengo hapa Dodoma tangu mimi sijaanza shule. Mji wetu hauna ziwa, na mito yake ni makorongo ya mchanga yanayopata maji siku chache mvua zikinyesha. Sangara na sato wake wote walikuja kwenye barafu kutoka Mwanza, wakashushwa alfajiri, yeye akawakata na kuwapanga. Goti lilipomkataa nikashika meza mimi. Mpaka tulipofunga safari hii, mwanamke huyu aliyesomesha watoto kwa samaki wa Ziwa Victoria alikuwa hajawahi kuliona hilo ziwa lenyewe.

Safari yetu ilianzia kwa mteja, mwalimu mmoja mpenda kichwa cha sangara. Alikuwa anasubiri nimkatie, akasema, "Unajua huyu si mwenyeji wa Victoria?" Akatueleza kwamba sangara aliletwa na watu miaka ya 1950 na 1960, kutoka Ziwa Albert, Uganda. Mto Nile unatoka Victoria kwenda Albert, lakini sangara hakuweza kuupanda mwenyewe, maana njiani kuna maporomoko ambayo samaki hawezi kuyaruka. Kabla yake ziwa lilijaa furu, wale wadogo wadogo, naye akawala mpaka aina nyingi zikapotea kabisa.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake nyuma yangu. Kichwa kilipokwisha kufungwa akauliza, "Na hayo maporomoko, mtu anaweza kwenda kuyaona?"

Binti yangu anasoma Kampala. Usiku ule nikampigia.

Nilitaka safari fupi, siku tatu tu ndani ya hifadhi ya Maporomoko ya Murchison, Uganda, na nilitaka gari letu wenyewe. Najua wengi wanadhani gari la peke yenu ni anasa. Kwangu lilikuwa suala la goti la mama. Hawezi kukaa saa mbili bila kushuka akajinyoosha, na choo hawezi kukisubiri. Kwenye gari la kuchangia na wageni wengine, ungemwambia nani asimame kila saa? Tulikuwa wanne: mimi, mama, mdogo wangu ambaye ni muuguzi, na binti yangu. Gari likigawanywa kwa wanne, linakaribia bei ya kiti kimoja kimoja. Fedha yangu ilitoka kwenye mgao wa kikoba, mdogo wangu akatoa ya kwake, na mama akafungua kanga akatoa noti ambazo hatukujua anazo.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipokaribia kuumia. Wakala wa kwanza alituletea bei kwa dola, jumla moja tu bila mchanganuo. Binti yangu akashtuka akanipigia: "Mama, mbona wametuhesabu kama Wazungu?" Kwenye hifadhi za Uganda raia wa Afrika Mashariki ana kiwango chake cha kiingilio, cha chini sana kuliko cha mgeni kutoka nje, na kinatajwa kwa shilingi za Uganda. Unachohitaji ni pasipoti ya kuthibitisha. Tulipouliza, yule wakala akasema tutarekebisha mkifika. Tukamwacha. Wa pili tulimwomba aandike kila kitu mstari kwa mstari: gari, mafuta, kiingilio chetu, kiingilio cha gari, boti ya kupanda mto kwenda kuyaona maporomoko, malazi yetu, malazi na chakula cha dereva. Hicho cha dereva ndicho watu husahau, kisha kinazuka siku ya pili. Boti nayo usichukulie kwamba imo. Sisi tuliihifadhia nafasi mapema, na ya kuchangia, kwa sababu kukodi boti nzima kungemaliza fedha yote. Gari liwe lenu, boti changieni. Sikujuta hata kidogo.

Jambo jingine ni chanjo ya homa ya manjano. Kadi huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchoma, kwa hiyo usiiache mpaka wiki ya safari.

Tulikwenda Februari, mvua zikiwa chache upande ule. Basi mpaka Mwanza, tukalala kwa shangazi, na asubuhi kabla ya chai mama akaomba kupelekwa ufukweni. Alivua kandambili, akaingia maji ya kifundo cha mguu, akasimama kama mtu anayesalimiwa. Hatukumharakisha. Kisha tukavuka daraja jipya la Kigongo–Busisi, Geita, Bukoba, tukalala tena, tukavuka mpaka wa Mutukula kuingia Uganda. Kabla ya Kampala kuna mahali panaitwa Kayabwe, ambapo mstari wa Ikweta unakata barabara. Kampala tulipumzika siku mbili nzima. Kama una mzee, zihesabu hizo siku kwenye bajeti yako. Usimtoe kwenye basi ukamtia kwenye gari la safari.

Dereva wetu alikuwa kijana wa Masaka, Kiswahili chake cha kutosha kabisa, na tangu dakika ya kwanza alimwita mama "Jjajja", yaani bibi. Alimwekea kigoda cha plastiki cha kukanyagia wakati wa kupanda. Kitu kidogo kile kilitupa amani siku zote tatu. Njiani, Nakasongola, kuna hifadhi ya faru inayoitwa Ziwa. Faru waliisha kabisa Uganda miaka ya mwanzo ya 1980, wakarudishwa hapo kuanzia 2005. Wanafuatwa kwa miguu, kwa hiyo tuliwapita. Nilisikitika, lakini huwezi kubeba kila kitu.

Baada ya Masindi barabara inaingia msitu wa Budongo, miti mikubwa ya mkangazi. Tulipotoka upande wa pili dereva akasema fungeni vioo, mbung'o. Mdogo wangu alikuwa amevaa dira la bluu, na bluu na nyeusi ndizo rangi wanazozifuata. Waliingia wawili tu, wakamwendea yeye. Vaeni kaki, au rangi ya udongo.

Tulilala kwenye vibanda vya bei ya kawaida karibu na Paraa, kando ya Mto Nile. Jina lenyewe, kwa Kiluo cha huko, wanasema maana yake ni nyumbani kwa viboko. Jioni ngiri walikuwa wanakula nyasi mbele ya milango yetu, wamepiga magoti ya mbele, mkia umelala. Mama aliwatazama muda mrefu. "Goti lao halijaisha," akasema.

Asubuhi tuliondoka giza bado, tukavuka daraja la Paraa kwenda ng'ambo ya kaskazini. Zamani ilikuwa lazima usubiri kivuko. Ukiwa Mtanzania utatafuta punda milia na nyumbu bila kujua kwamba unawatafuta, Murchison hawapo. Wapo twiga wengi kupita nilivyowahi kuwaona, na miguu yao chini ya goti ni myeupe bila madoa, kama waliovaa soksi za shule. Wapo nyati, tembo, kongoni, na swala mwekundu mnene anayeitwa kob, yule aliyemo kwenye nembo ya taifa ya Uganda. Simba jike tulimwona mmoja, chini ya mti, mbali. Kwa kuwa gari lilikuwa letu, tulikaa naye tulivyotaka. Magari mengine matatu yalikuja yakaondoka.

Nilichokuwa sikukitarajia ni lami. Ndani ya hifadhi kuna barabara laini kabisa, na uzio mahali pengine, kwa sababu huku ndiko yanakochimbwa mafuta. Bomba lake, kilomita 1,443, linatoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, na linapita hata mkoani kwetu Dodoma. Tumesikia habari za fidia zake kwa miaka, lakini sikuwahi kufikiria kwamba mwanzo wake uko miguuni mwa tembo. Nilikosa raha. Nawaombea wale wanyama wasisukumwe.

Boti ilikuwa ya saa nane mchana. Kwenye gati mabaharia wawili walimshika mama mikono, mmoja mbele mmoja nyuma, akavuka ubao bila kukunja goti sana. Akavalishwa jaketi okozi juu ya kanga. Tukakaa chini, karibu na mbele, kivulini. Chukueni maji na kofia, lile jua la mtoni linapiga kutoka juu na kutoka chini.

Ni kilomita 17 hivi kupanda mto, na boti haina haraka. Viboko walikuwa makundi kwa makundi, masikio yakizunguka, wakipiga chafya ya maji tukipita. Mamba mmoja alikuwa ukingoni ameachama kinywa, urefu wake karibu na boti ya wavuvi, na ndege mdogo anatembea hatua mbili kutoka kwenye meno. Kwenye kuta za udongo kulikuwa na matundu mamia, keremkeremu wakiingia na kutoka. Furukombe alikuwa juu ya mti mkavu. Mama hakuuliza jina la ndege hata mmoja. Alikuwa anatazama maji.

Ndipo povu likaanza kuja. Kwanza vipande vidogo vyeupe, kama mapovu ya ndoo ya kufulia, kisha mapande makubwa yakielea yanazunguka polepole. Mwongozaji akasema hilo ni povu la maporomoko, na bado hatujayaona. Kila kona lilizidi. Kisha tukasikia sauti, na mbele, kati ya miamba miwili, pakatokea kitu cheupe kimesimama.

Boti haikaribii kabisa. Mkondo unaisukuma, inajishikiza karibu na mwamba, mita mia kadhaa kutoka hapo. Inatosha. Mto Nile unapita kwenye ufa wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43. Pembeni yake kuna maporomoko ya pili, mapana na ya upole zaidi. Mwongozaji akasema yale yalifunguka kwa mafuriko ya 1962, mwaka Uganda ilipopata uhuru, basi yakaitwa Uhuru. Neno letu kabisa. Lile kubwa lilipewa jina la Murchison na Mwingereza Samuel Baker mwaka 1864; enzi za Idi Amin likaitwa Kabalega, kwa jina la mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza, kisha likarudishiwa jina la kwanza. Mimi ningeliacha la Kabalega.

Mama akaniambia nimuulize kuhusu sangara. Nikamuuliza. Kijana akafurahi, akasema hapa chini ndipo penyewe, wavuvi wa ndoana wanakuja kutoka nchi za mbali, na wapo waliopata wa zaidi ya kilo 100. "Na anaweza kupanda?" mama akauliza mwenyewe. Akajibiwa hapana, Jjajja, hapa ndipo ukuta wake. Mama akaegemea ubao wa boti, akalitazama lile povu linavyochemka. Nikaona midomo yake inakwenda lakini sikusikia, na sikumuuliza.

Mdogo wangu na binti yangu walishuka hapo, wakapanda na mlinzi wa hifadhi kwa miguu mpaka juu, kama dakika 45 za mlima mkali. Sisi wawili tulirudi na boti. Kosa letu moja la mpangilio lilikuwa hapo: dereva ni mmoja, na alikwenda kuwachukua wao juu kwanza. Tukakaa Paraa saa moja na nusu tukinywa chai. Mkigawanyika hivyo, kubalianeni mapema nani anasubiri, na awe na mahali pa kukaa.

Kesho yake, siku ya kuondoka, mama naye alifika juu. Watu hawaambiwi hili: gari linafika karibu kabisa na maporomoko kwa upande wa kusini, na kutoka maegesho ni mwendo mfupi. Tulimchukua taratibu, mmoja kila upande. Ardhi inatetemeka, unaisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Manyunyu yalimlowanisha kanga na nywele. Alishika reli kwa mikono miwili, mikono ile ya makovu ya mapezi na visu, akatazama chini mahali maji yanapojikunja na kuingia ufani, akakaa hivyo mpaka dereva akaja kutuambia safari ya Kampala ni ndefu. Akamjibu, "Ngoja, mwanangu. Sisi kwetu maji ni ya foleni."

Tukangoja.

Tulirudi Dodoma Jumamosi. Jumatatu, goti bandeji, akaja naye sokoni, akakaa kwenye kigoda. Mzigo ulishushwa, sangara wawili wakubwa, barafu bado kwenye matamvua. Yule mwalimu akafika kuchukua kichwa chake. Mama akanyoosha mkono, akamgeuza samaki upande, akampigapiga shavuni.

"Huyu," akamwambia mwalimu, "kwao nimefika."