Siku moja maishani mwangu: tanga la zamani siku ya upepo mkali

Saa 11:40 alfajiri

Nimeamshwa na kamba. Nje ya banda kuna mti nilioutundikia kitambaa, na kamba yake hugonga mti upepo ukipita. Upepo wa kawaida hugonga, ukatulia, ukagonga tena. Leo haitulii. Pigo moja halijaisha, la pili limeshaingia. Najua tayari tumevuka noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, na utabiri wa jana usiku ulisema 28 ifikapo mchana. Kwenye kipimo cha nguvu ya upepo cha Beaufort hiyo ni nguvu ya 7 inayoanza.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza vyombo vya mchezo wa ubao wa tanga, ule wa kusimama juu ya ubao majini ukiwa umeshika tanga. Wengi wanaonijia wana vyombo vya miaka ya 1980 na 1990, walivyorithi, walivyonunua kwa mtu, au walivyovitunza wenyewe tangu ujana. Siku ya upepo mwanana huja wachache. Siku kama ya leo huja wote, kwa sababu upepo mkali ndio unaofichua kosa. Upepo ukipanda kutoka noti 20 hadi 30, kasi imeongezeka kwa nusu, lakini msukumo juu ya tanga umezidi mara mbili na robo, maana nguvu hukua kwa mraba wa kasi. Kasoro uliyoivumilia jana, leo itakuvunja mikono.

Saa 1:00 asubuhi

Kabla sijagusa tanga lolote, naanza na viungo. Kiungo kinachoshika mlingoti kwenye ubao ndicho kilichouzaa mchezo huu. Jim Drake na Hoyle Schweitzer walipoomba hataza Marekani mwaka 1968, msingi wa ombi lao ulikuwa huo: mlingoti usiosimama wima kama wa jahazi, ila unaolala upande wowote mwendeshaji anakotaka. Ondoa kiungo, hubaki na chombo.

Katika vyombo vya zamani kiungo hicho ni kipande cha mpira au plastiki laini, mnene kama dole gumba au zaidi. Nje kinaweza kung'aa huku kikiwa kinakufa. Nakikunja hadi mlingoti ulale kabisa, nakizungusha taratibu, naangalia pale mpira unapoingia kwenye chuma. Ufa huanzia hapo, mwembamba kama unywele, na hufunguka kikikunjwa tu. Kikinyooshwa, unajificha.

Asubuhi hii nimekagua vitano na nimetupa viwili. Sijadili na mtu juu ya hili. Miaka ya nyuma niliwahi kukiamini kimoja kwa kukitazama kikiwa kimesimama wima, nikatoka nacho, kikakatika upepo ukivuma kutoka nchi kavu kwenda baharini. Hakikuwa na ukanda wa akiba. Tanga lilikwenda kwake, ubao kwake, na mimi nililala juu ya ubao nikipiga makasia kwa mikono mpaka vidole vikafa ganzi. Tangu siku hiyo hakuna kiungo kinachotoka mikononi mwangu bila ukanda wa akiba pembeni yake, hata kiwe kipya.

Saa 2:15 asubuhi

Mzee amefika na tanga begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Tanga langu limekufa. Jana lilinivuta mkono wa nyuma mpaka nikashindwa kurudi joshini, unakotoka upepo. Nimerudi kwa miguu, nikiburuta ubao."

Nimelitandaza. Ni tanga la mwaka 1988, mita za mraba 5.0, kitambaa cha dakroni, kilichofumwa, karibu na mlingoti na maila, plastiki nyembamba, nyuma. Mishono mizima. Nimelibonyeza kwa kidole gumba karibu na dirisha, halikulia kama karatasi kavu. Tanga hili halijafa.

"Mzee wangu, umelifunga kwenye mlingoti gani?"

Akanionyesha. Mlingoti mpya wa kaboni, sm 400, mwembamba, ameazimwa na kijana mmoja. Ameurefusha kwa chini sm 40 ili ufike, kwa sababu kwenye tanga pameandikwa ukingo wa upande wa mlingoti ni sm 440.

"Na ule wake wa zamani?"

"Upo nyumbani. Ule mzito? Nilidhani ndio ulioniharibia."

Nimemwomba akaulete.

Saa 3:00 asubuhi

Hapa nitakaa kidogo, maana kesi nyingi za matanga ya zamani zinaishia hapa.

Ugumu wa mlingoti hupimwa hivi: unaulaza juu ya vigingi viwili karibu na ncha zake, unaning'iniza kilo 30 katikati, kisha unapima umebonyea kiasi gani. Urefu wa mlingoti ukigawanywa kwa mbonyeo huo unakupa namba ya ugumu, ile inayoandikwa kwenye milingoti mipya kama IMCS. Haihitaji mashine. Mimi nina vigingi viwili vya mbao, uzi uliokazwa kutoka ncha hadi ncha, rula, na mfuko wa mchanga nilioupima mpaka ukafika kilo 30 kamili.

Nimeanza na wa kaboni. Sm 400, umebonyea sm 21. Namba yake 19. Kisha nikaupandisha wa mzee, fibaglasi ya rangi ya maziwa iliyochubuka, sm 460. Kwa kawaida mlingoti mrefu ungebonyea zaidi, kama ubao mrefu wa kuvukia mtaro unavyolegea katikati. Nimening'iniza mfuko, nikaisubiri rula itulie: sm 17.5. Namba 26 na ushee. Mrefu kwa sm 60, na bado umebonyea kidogo kuliko mwenzake.

Mzee ameinama akasoma rula mwenyewe. Hakusema neno.

Fundi aliyekata tanga lile mwaka 1988 alikuwa na mlingoti wa namna hii akilini. Kitambaa hukatwa na mpindo upande wa mlingoti, na mpindo huo unalingana na mkunjo wa mlingoti uliokusudiwa. Ukiweka mlingoti laini, unapinda kupita mpindo wa kitambaa. Utaona mikunjo ya mshazari kutoka mlingotini, usawa wa bumu, lile fito la kushikia tanga, ikielekea pembe ya nyuma. Upepo ukipiga kwa nguvu mlingoti unazidi kupinda, tumbo la tanga linahama kurudi nyuma, na uzito wote unakuangukia mkono wa nyuma. Yale yale aliyonieleza mzee asubuhi. Tanga lilikuwa likimwambia ukweli, ila lugha yake imekuwa ngeni.

Saa 4:10 asubuhi

Tumeanza kufunga. Kwanza maji matamu ndani ya maungio ya mlingoti, chembe zote za mchanga zitoke, kisha utepe kuzunguka ungio. Chembe moja tu humo ndani, na jioni vipande viwili havitaachana.

Mlingoti ukiingia kwenye mfuko wake, unazidi tanga kwa juu kiasi cha shubiri moja. Kijana aliyekuwa akitazama alishtuka, akidhani tumekosea. Hatujakosea. Matanga mengi ya wakati ule yana mkanda kichwani unaoongezwa au kupunguzwa, ili mlingoti mmoja mrefu utumike kwa matanga ya ukubwa tofauti.

Kisha kamba ya chini, inayolivuta tanga kushuka mlingotini. Hapa ndipo waliozoea matanga mapya wanapoharibu mambo, na mimi huwa nasimama kati ya mikono yao na kamba. Tanga la kisasa linataka kamba ya chini ivutwe sana, mpaka ukingo wa nyuma, juu kabisa, ulegee na kupepea. Ule ulegevu hutoa upepo wa ghafla kwa juu. Tanga la 1988 halikukatwa hivyo. Ukilivuta kwa kipimo hicho unalinyonga: linakuwa bapa mbele, kitambaa kinatanuka mahali pasipotanuka, na mshono wa pembe ya chini unaanza kulalamika.

Nafanya hivi. Navuta kamba ya chini hadi mikunjo ya mlalo pembeni mwa mlingoti iishe. Kwa upepo wa kawaida ningeishia hapo. Leo naongeza sm 2 hivi, nasimama. Halafu naenda kwenye kamba ya nyuma, inayovuta pembe ya nyuma ya tanga hadi mwisho wa bumu, na huko ndiko nguvu ya leo iliko. Tanga la zamani hupata ubapa wake kwa kuvutwa nyuma. Nimelivuta mpaka tumbo likakaribia kulala, na bado halikugusa bumu nilipolisukuma kwa kiganja. Mwisho mbavu, zile fito zinazolinyoosha tanga: kila ubavu umekazwa mpaka vijikunjo vinavyoukata vikapotea, basi. Ukizidisha unarudisha tumbo ulilolihangaikia.

Bumu ya mzee ni ya kufunga kwa kamba, haina taya ya kubana. Nimeifunga ikiwa imelala sambamba na mlingoti, kisha nikaishusha. Ikifungwa sawasawa, inalia kidogo ikishuka na kamba inajikaza yenyewe. Ikishuka kimya, ujue itacheza majini. Mara ya kwanza ilishuka kimya. Nikafungua, nikaondoa mzunguko mmoja, nikarudia.

Saa 5:30 asubuhi

Ubao ni wa rika la tanga, sm 265, mwembamba na mrefu kuliko wa leo. Pua ndefu hupenda kunyanyuliwa na upepo mkali, kwa hiyo mguu wa mlingoti nimeusogeza mbele kuliko katikati ya reli yake. Bumu nimeishusha ikawa usawa wa bega. Pezi nimechagua dogo. Lile alilokuja nalo lilikuwa la tanga kubwa, na kwa kasi ya leo lingeunyanyua ubao upande. Ukingo wa mbele wa pezi ulikuwa na chubuko mbili, nimezisugua kwa msasa mlaini uliolowa mpaka kucha ikapita bila kukwama. Chubuko kama hizo huingiza hewa kando ya pezi, likapoteza mshiko, na ubao ukateleza ubavu ghafla.

Kizibo cha hewa: kimefungwa. Nimekiangalia mara mbili.

Saa 6:45 mchana

Najaribu mwenyewe kwanza. Sitampa mtu chombo ambacho sijakisikia kwa miguu.

Upepo sasa ni 28, mapigo yanapita 30. Nimeingia, nimeshika maji ya magoti, nikangojea pigo lipite, nikapanda. Mita chache tu na ubao umenyanyuka juu ya maji. Pigo la kwanza lilipokuja nilikaza mgongo nikisubiri kuvutwa. Tanga lilinung'unika, likawa zito mikononi yote miwili kwa pamoja, na tumbo likabaki pale pale. Nilicheka peke yangu huko nje.

Ila mkono wa nyuma ulikuwa umeelemewa kidogo zaidi ya ule wa mbele. Nimerudi, nimesogeza vitanzi vya mkanda, kamba za kwenye bumu zinazonaswa na ndoana ya mkanda wa mwilini, nyuma kwa upana wa vidole viwili, nikatoka tena. Kipimo changu ni kimoja: ukiwa umening'inia kwenye ndoana na kasi imetulia, legeza vidole vya mikono yote bila kuachia bumu. Tanga likibaki lilivyo, vitanzi vipo mahali pake. Mara ya pili lilibaki.

Saa 8:30 mchana

Mzee ameingia majini. Nilikuwa nimejipanga kusema mengi, nikasema moja: "Ukiona limezidi, lifungue mapema, usishindane nalo." Akanijibu, "Hilo nilikuwa nalijua kabla hujazaliwa," na alikuwa sahihi.

Amekwenda mkato mmoja mrefu, amegeuka, amerudi. Alipofika karibu na ufukwe akageuka tena bila kushuka. Nimehesabu mikato saba. Ule wa tano alipanda joshini kuliko alikotokea. Kubisha kwenye upepo huu kwa tanga la 1988, mkono mmoja ukionekana umelegea kabisa juu ya bumu! Vijana wawili waliokuwa na vyombo vipya waliacha walilokuwa wakilifanya.

Saa 10:00 jioni

Kazi nyingine imekuwa ya kukataa. Kijana ameleta tanga la monofilmu, plastiki angavu, la miaka ya 1990, zuri kwa macho, lililokaa juani miaka. Nimelikunja pembe kidogo na likatoa sauti ya kioo chembamba. Jua hulikausha monofilmu hadi linakuwa kama ganda la yai. Utepe hufunika ufa mmoja; hauwezi kulirudishia kitambaa uhai wake. Nimemwambia, "Mdogo wangu, hili litumie siku za noti 10, karibu na pwani. Leo hapana." Ameumia, nami nimeumia naye. Mlingoti na bumu yake ni vizima, nimemshauri avitunze, atafute tanga la rika hilo hilo lililolala kivulini.

Saa 12:15 jioni

Kufungua kuna utaratibu wake: kamba ya nyuma kwanza, ya chini baadaye. Ukiachia ya chini huku ya nyuma imekaza, unaliacha tanga likivutwa upande mmoja. Kisha maji matamu, kivuli, na kuliviringisha kwa kufuata mbavu, bila kulikunja.

Mlingoti wa mzee umeachana kwa mzunguko mmoja wa mkono. Hakuna hata chembe.

Kabla hajaondoka nimeweka kipande cha utepe kwenye bumu pale kamba ya nyuma ilipoishia leo, na viwili vingine pale vitanzi vilipokaa. Akaniomba kalamu ya wino mzito, akaandika mwenyewe kwenye mfuko wa tanga, kwa herufi kubwa na polepole: MLINGOTI 460 WA ZAMANI. CHINI KIDOGO, NYUMA SANA. NOTI 28.

Akapuliza wino ukauke, akaliweka begani.