Seva bado ipo kwenye boksi

Leo nimeshinda ofisini kwa mteja, Area C, hapa Dodoma. Seva mpya, kompyuta kuu inayohudumia nyingine zote za ofisi, imefika na kila mtu ananiuliza, "Fundi, unawasha saa ngapi?"

Sikuiwasha.

Nilikaa na daftari kwanza. Kompyuta 25 za kuunganisha nayo. Diski mbili zenye data ileile, moja ikifa nyingine inaendelea. Anwani ya seva kwenye mtandao, isiyobadilika, ili kompyuta ziipate daima. Nakala rudufu zikae wapi?

Kisha nikapitisha kidole kwenye meza waliyoitengea, chini ya dirisha la barabarani.

Kidole kikatoka chekundu. Vumbi letu hili la kiangazi!

Nikaomba chumba kingine, chenye kiyoyozi. Mama mhasibu akasema, "Bora umeuliza mapema, mwanangu." Nimefarijika mno.

Mafundi wa Dodoma, vumbi mnalizuiaje?