Gwent kwenye The Witcher 3: nilianza kushinda nilipohesabu karata, si pointi

Gwent, mchezo wa karata ulio ndani ya gemu ya The Witcher 3, si ya lazima. Tangu The Witcher 3 itoke mwaka 2015, hakuna mahali kwenye simulizi kuu panapokutaka uicheze ndipo usonge mbele. Ukiamua kuicheza, ielewe vizuri, kwa sababu wengi wanaoisusia wanaisusia baada ya kufungwa mechi tatu nne mfululizo bila kujua walikosea wapi. Kosa karibu kila mara ni lilelile: wanapigania pointi kwenye raundi ya kwanza.

Raundi ni ya mwenye pointi nyingi mezani, na mechi ni ya anayeshinda raundi mbili. Ila sheria moja ndiyo inayobeba mchezo mzima. Mnaanza na karata 10 mkononi, unaruhusiwa kubadilisha 2, basi. Baada ya hapo huokoti karata kila zamu wala kila raundi. Hizo 10 ndizo za raundi zote mbili, au tatu mkifungana moja kwa moja. Kwa hiyo ukitumia karata 7 kushinda raundi ya kwanza kwa pointi 60 dhidi ya 20, umebaki na 3 za kushinda raundi moja kati ya mbili zilizobaki, na mpinzani aliyetumia karata 3 bado ana 7. Mwenye karata nyingi mkononi baada ya raundi ya kwanza ndiye mwenye mechi. Mimi nikicheza naangalia namba ya karata za mpinzani kabla ya kuangalia jumla ya pointi zake.

Njia za kuongeza karata ni chache, na iliyo bora ni majasusi. Jasusi unamweka upande wa mpinzani, anapata pointi zake, wewe unaokota karata 2. Seti ya Northern Realms, ambayo ndiyo unayoanza nayo, ina watatu: Prince Stennis (5), Sigismund Dijkstra (4) na Thaler (1). Yupo pia Mysterious Elf, asiye wa upande wowote, ambaye ana pointi 0, yaani unaokota karata 2 bila kumzawadia mpinzani chochote. Hawa wanne ukiwapata, wasitoke kwenye deki yako (rundo unalochezea) hata siku moja.

Hapo ndipo ukubwa wa deki unapoingia. Gemu inataka angalau karata 22 za wapiganaji, na karata maalumu, yaani zisizo wapiganaji, zisizidi 10. Kila unayemshinda anakupa karata, na mkono unawasha kuziweka zote. Usiziweke. Mimi nabaki na wapiganaji 22 kamili na karata maalumu 5, jumla 27. Ukiwa na majasusi wanne kwenye karata 27, uwezekano wa kupata angalau mmoja kwenye zile 10 za mwanzo ni takribani asilimia 86. Ukiwa na karata 40 unashuka hadi asilimia 70, na hapo hata hatujazungumzia kupata wawili.

Wapiganaji wangu 22 ni hawa: majasusi wanne, Blue Stripes Commando watatu, Crinfrid Reavers watatu, Catapult mbili, Dun Banner Medic (anayefufua karata iliyokwisha kutoka mezani), Villentretenmerth, na mashujaa Geralt, Ciri, Yennefer, Triss, Philippa Eilhart, Vernon Roche, John Natalis na Esterad Thyssen. Karata maalumu ni Decoy tatu, Commander's Horn moja na Biting Frost moja. Mashujaa hawapatikani mapema, kwa hiyo mwanzoni nafasi zao zijazwe na karata zozote za pointi 5 au 6. Za kwanza kutupwa ni zile za pointi 1 zinazosimama peke yake, kama Redanian Foot Soldier.

Commando, Reavers na Catapult wako pale kwa sababu ya kushikamana: karata zenye jina moja zikikaa pamoja kwenye safu, kila moja inazidishwa kwa idadi yao. Commando mmoja ana 4. Wakiwa watatu, kila mmoja ana 12, jumla 36. Reavers watatu wanafika 45, Catapult mbili 32. Kwa hiyo ukipata mmoja tu wa kundi mkononi na wenzake wamebaki kwenye deki, huyo ni karata ya kawaida tu, na ndiye nambadilisha mwanzoni kabla ya mwingine yeyote.

Sasa mechi yenyewe. Chukua mpinzani mwenye deki ya Nilfgaard, kwa sababu nao wana majasusi wazito. Anaanza kwa kuniwekea Stefan Skellen wa pointi 9 upande wangu, anaokota 2, anakuwa na karata 11. Wengi hapa wanafurahia zile pointi 9. Mimi naweka Decoy juu ya Skellen, namchukua mkononi. Bado nina 10. Mpinzani anaweka mpiganaji, anabaki na 10. Namrudishia Skellen, naokota 2, nafika 11. Anaweka mwingine, 9. Naweka Dijkstra, nafika 12. Anaweka wa tatu, amebaki na 8. Nasema pasi, yaani siweki tena karata raundi hii. Upande wangu kuna Decoy peke yake yenye pointi 0, nimefungwa vibaya mno, na mechi ni yangu: karata 12 dhidi ya 8, raundi mbili zimebaki. Raundi ya pili nikishinda, Northern Realms inaniokotea karata nyingine ya bure.

Decoy haimgusi shujaa, kwa hiyo mpinzani akikuwekea Mysterious Elf, ambaye pia ni shujaa, humrudishi. Na usiitumie kuokoa mpiganaji wa pointi 6 eti baridi imempata. Decoy msubirie jasusi, au Medic aliyekwisha kufanya kazi yake ili umcheze tena raundi inayofuata.

Hali ya hewa ndiyo inayowaumiza wanaotegemea safu moja. Biting Frost inapiga safu ya mapigano ya karibu, Impenetrable Fog safu ya masafa, Torrential Rain safu ya mitambo ya kuzingira ngome, na kila mpiganaji asiye shujaa kwenye safu hiyo anashuka hadi pointi 1, wa pande zote mbili. Commando wangu watatu kwenye baridi bado wanashikamana, lakini sasa ni 1 mara 3 kila mmoja, jumla 9 badala ya 36. Dawa yake ni kutawanya nguvu kwenye safu zote tatu. Kwenye deki ile Commando wako karibu, Reavers masafa, Catapult kwenye mitambo, na hilo ni la makusudi. Dhidi ya deki ya Monsters, ambayo hujaza mapigano ya karibu kwa makundi yanayoitana mezani, ile Frost yangu moja inatosha kuvunja raundi nzima.

Hatari kubwa zaidi ni Scorch. Inachoma karata yenye pointi nyingi kuliko zote mezani isiyo shujaa, na zikiwa sawa inachoma zote. Commando watatu wa 12 kila mmoja wanaondoka pamoja kwa karata moja. Haichagui upande pia, kwa hiyo ukiicheza wewe huku karata yako ndiyo kubwa kuliko zote, umejichoma mwenyewe. Commander's Horn inaongeza hatari hiyo maana inakuza safu nzima mara mbili. Ndiyo maana kundi langu kubwa na Horn ni vya mwisho kutoka, ikiwezekana baada ya mpinzani kusema pasi. Mashujaa Horn haiwakuzi, wala Scorch haiwachomi, wala Medic hawafufui. Hao ndio wa kutangulia.

Dhidi ya Nilfgaard kumbuka kwamba sare ni ushindi wao. Ongeza pointi moja kabla ya kusema pasi.

Kama haya yote hayakuvutii, kuna njia ya katikati: kwenye mipangilio ya gemu ugumu wa Gwent unabadilishwa peke yake, bila kugusa ugumu wa mapigano. Kuiruka kabisa nako hakuna hasara kwenye hadithi. Msomi wa baa ya White Orchard, anayekufundisha Gwent mwanzoni mwa gemu, mkatae tu, misheni za Gwent zitakaa kwenye orodha bila kukudai. Unachopoteza ni karata, krauni (pesa za gemu) kiasi na ile misheni ya kuzikusanya zote, Collect 'Em All.

Ila amua mapema, kwa sababu baadhi ya karata zina muda wake. Mashindano ya kwenye sherehe ya Vegelbud, unayokwenda na Triss, yakipita yamepita. Hifadhi gemu kabla ya kuingia. Kwenye misheni ya A Dangerous Game, Zoltan anapokupa uchague pesa au karata, chukua karata. Ile ya Dijkstra unaishinda kwa Bloody Baron, na kama Baron ameshaondoka Crow's Perch, ngome yake, usikate tamaa, itafute kwenye ofisi yake ya humo. Kuna kitabu kinaitwa A Miraculous Guide to Gwent. Kinakuonyesha karata ngapi zimebaki na zilipo, na ni bora kukipata mwanzoni kuliko kuanza kukitafuta wakati hadithi imekwisha.

Mashindano ya Passiflora mjini Novigrad yana kiingilio cha krauni 1000 na wapinzani wanne wa mtoano, ukifungwa mara moja umetoka. Usiende bila majasusi angalau watatu na Decoy mbili. Na ukitafuta mbinu mtandaoni hakikisha zinahusu Gwent ya ndani ya The Witcher 3. Ile inayochezwa kama gemu inayojitegemea ina safu mbili tangu 2018, na ushauri wake hapa utakupotezea mechi.